Mpaka Ngozi Ishike

Bukuru aliondoka na basi la alfajiri kwenda Kigoma Mjini,
kwa kuwa Skola, binti yetu, mimba ya miezi mitano,
daktari kamkataza hata kuinama kuokota kijiko.
Aliniachia funguo, kuku saba,
na mbegu za viazi kwenye tenga chini ya kitanda,
gizani, zikitoa macho.

"Usipande kwa kalenda," akasema, kichwa dirishani.
"Ile ya ukutani imechapwa Dar es Salaam.
Haijui Manyovu inanyesha lini."

Mimi ni mlinzi wa usiku, zahanati.
Kukesha najua. Kulima sijui;
nimekula jasho la mwanamke huyu miaka ishirini na tisa.

Mvua ya kwanza ikaja, nikampigia.
"Chomeka kidole. Unyevu umefika wapi?"
Kiungo cha kwanza.
"Hayo mate tu. Ngoja."
Ya pili, kiungo cha pili. "Ngoja."
Ya tatu ikalala nasi usiku kucha,
asubuhi kidole kikazama chote, kikatoka kimevaa tope.
"Haya, panda leo. Macho yatazame juu.
Samadi isiguse mbegu, itaiunguza.
Shimo hadi shimo hatua moja, ya kwako,
si ya Kilahumba, yule ana miguu mirefu."

Nikapanda nyuma ya jiko mistari sita,
wa sita ukapinda kumkwepa kuku anayeatamia.

Wiki ya tatu, majani.
Ya sita nikapandishia udongo,
mgongo ukanitukana kwa Kiha.
Ukungu uliposhuka kutoka upande wa Burundi
nilipita na tochi ya lindo kati ya mistari
nikitafuta jani lenye doa jeusi
kama ninavyotafuta mwizi.

Maua yakaja, meupe, zambarau kidogo.
Nikampa habari. Akanyamaza.
Kisha: "Skola kajifungua jana usiku. Kabla ya siku zake.
Kilo moja na robo. Wamemweka kwenye joto.
Ngozi yake, baba Skola, unaona mishipa yote.
Basi. Endelea na viazi."

Usiku ule lindoni sikukaa kitini.

Mwezi wa kwanza Kilahumba akang'oa vyake vyote;
lori la gulio halisubiri, na bei ilikuwa inacheka.
Nikashikwa na kiherehere.
Nikapapasa shina la mwisho, nikachomoa kimoja,
sawa na yai la bata,
nikakisugua kwa dole gumba.
Ngozi ikabanduka yote
kama karatasi iliyolowa.
Nikakirudisha shimoni. Nikafukia kwa mikono miwili.

Sikumwambia.
"Umechimba," akasema.
"Kimoja."
"Majani yakauke yenyewe. Ndipo uyakate,
uhesabu siku kumi na nne bila kugusa.
Hata huku hatugusi.
Skola tu, kifuani kwake. Sisi wengine tunahesabu gramu."

Nimehesabu. Kwa mkaa, juu ya ile ile kalenda.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Leo nimetoka lindo, koti sijavua,
nimechimbua mbali na shina, nisijeruhi.
Nimesugua. Nimesugua tena.
Dole gumba limetoka na udongo tu.

Debe tatu na nusu.
Nimevitandaza jikoni, jua lisivitie ukijani,
na vile vidogo vyenye macho mengi
nimevirudisha chini ya kitanda, vya Machi.

Nikapiga simu. Nyuma ya sauti ya Bukuru
kuna kitu kinalia, kwa hasira,
kama mlango wenye bawaba kavu.
"Kilo mbili na gramu mia," akasema. "Ngozi je?"
"Imeshika."
"Na huku," akasema.
"Alhamisi bandika lile sufuria kubwa."